Jumanne Ishirini na Mbili

Mama mkubwa wangu Saumu alikuwa na sauti ya soko. Akitaja bei ya samaki upande huu wa reli, hata mtu aliye upande wa pili aligeuza kichwa. Ndiyo maana watu wa Kamina, mji wetu wa reli huku Katanga, walishangaa kwamba mwanamke wa sauti ile hakuwa mtu wa kukaa na wenzake. Kwenye arusi alikuja, akapongeza, akaondoka. Kwenye matanga alitoa mkono wa pole akiwa amesimama, akatoka kabla chai haijafika. Wengine walisema ana kiburi, wengine walisema watu wa Maniema, kwao Saumu, njo walivyo, wanajiona. Hakuna aliyejua kwamba Saumu hakuwa anawaogopa watu. Alikuwa anaogopa mkeka.

Ugonjwa ulimpata mwaka 1993, kwenye uzazi wa nne. Ulikuwa mwaka mbaya wa kuzaa. Manesi wengi wa asili ya Kasai walikuwa wamefukuzwa Katanga, na pale alipojifungulia alibaki nesi mmoja na vyumba vitatu. Mtoto alikaa siku mbili akikataa kutoka, na alipotoka alikuwa mkubwa kama wa miezi mitatu, mzima, mwenye kelele. Mama ndiye hakutoka mzima.

Aligundua wiki ya pili, alipokuwa anamwagia mtoto maji. Sauti ya maji kwenye beseni ilitosha. Mkojo haukungoja. Tangu siku ile, kati ya kuhisi haja na kuchafuka, alikuwa na muda wa kuhesabu moja mpaka tano tu. Wakati mwingine mpaka tatu. Kikohozi, ndoo ya jirani inayomiminwa, ufunguo unaoingia mlangoni, vyote viliufungulia njia.

Saumu alipanga maisha yake kuuzunguka ugonjwa. Alibeba vipande vya vitenge vichakavu chini ya kapu la samaki. Alijua kila choo kati ya soko na stesheni, na kila mwenye choo alipewa samaki wa bure bila kuambiwa sababu. Mwenyewe aliniambia alimshukuru Mungu kwa kazi ile ya samaki wa moshi wa Bukama, kwa sababu harufu ya samaki hufunika nyingine. Kusali alisali chumbani, peke yake, akitawadha mara mbili, mara tatu kwa sala moja, na mara nyingine akiishia kulia juu ya msala.

Aliyejua ni mume wake tu, Djafari, muuza vitenge, mtu mpole wa maneno machache. Siku moja alirudi na karatasi kubwa ya plastiki, ya ile inayofunga marobota, akaitandika chini ya shuka upande wa mke wake, akaenda zake dukani. Saumu alisema angeweza kumfia mtu yule siku ile.

Miaka mitano ikapita hivyo. Vita ya kwanza ilipita, utawala ukabadilika, fedha ikabadilika, yeye akiendelea kuhesabu moja mpaka tano.

Mwaka 1998, mwezi wa tano, alisikia kwamba kwenye kituo cha walemavu, kule watoto wa polio walikofundishwa kutembea na magongo, kulikuwa na daktari mwanamke kutoka Ulaya anayepokea wanawake walioharibika kwenye uzazi. Alikwenda akiwa amejifunika mtandio mpaka puani. Daktari alimpima, akamtia maji ya rangi, akatazama kama kuna tundu kwenye kibofu. Hakukuwa na tundu.

"Kama kungekuwa na tundu, ningekupeleka kwa upasuaji," daktari alisema kwa Kiswahili chake cha kujifunza. "Kwako ni kibofu. Kibofu chako kinashtuka kabla ya wakati. Kuna mshipa wa fahamu unaopita hapa, juu kidogo ya kifundo cha mguu, nyuma ya mfupa. Unapanda mpaka chini ya mgongo, mahali palepale inapotokea mishipa ya kibofu. Tutaugonga mshipa huu kwa umeme kidogo, nusu saa, kila Jumanne. Polepole kibofu kitajifunza kungoja."

Saumu alitazama mguu wake. Miaka mitano alikuwa ametafuta dawa ya tumbo, na sasa anaambiwa dawa iko mguuni. Lakini hakuwa na pengine pa kwenda.

Kazi yenyewe ilifanywa na mkine wa kituo, au kine kama watu walivyosema, mtu wa kunyoosha viungo, jina lake Séraphin. Alikuwa Mluba wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye mikono ya taratibu, anayeimba bila kujua kwamba anaimba. Saumu hakuwahi kutamka neno mkojo mbele ya mwanamume asiye mumewe. Mbele ya Séraphin alilitamka, naye Séraphin aliliandika kwenye karatasi yake kama mtu anayeandika homa, bila kuinua kichwa. Kwa kitendo hicho tu alimteka moyo. Kuanzia hapo Saumu alimwita Papa Séraphin, na alimwamini kama ndugu.

Mashine ilikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa redio ndogo, chenye kitufe cha kuzungusha, taa nyekundu na nyaya mbili. Kilitumia mawe ya redio, yaani betri. Ukanda wake wa kushikilia nyaya mguuni ulikuwa umekatika, kwa hiyo Jumanne ya pili Saumu alileta mwingine alioushona mwenyewe, kutoka kipande cha kitenge cha dukani kwa Djafari, cha bluu chenye ndege wa njano, na kifungo cha shati mwishoni.

"Unasikia?" Séraphin aliuliza, akizungusha kitufe polepole.

"Kama sisimizi banapanda."

"Angalia kidole."

Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza chenyewe, kidogo kidogo, kama cha mtoto anayenyonya. Saumu alicheka mpaka akaziba mdomo.

"Kidole ikicheza, njo tunajua mushipa inasikia," Séraphin alisema.

Alimfundisha pia mazoezi ya kukaza misuli ya chini, ile anayokaza mtu anapozuia mkojo katikati, na kwenda chooni kwa saa badala ya kungoja haja. Wiki nne za kwanza hakukuwa na badiliko. Wiki ya saba, asubuhi moja sokoni, alimaliza kapu zima la samaki ndipo akakumbuka kwamba hakuwa amekimbia hata mara moja. Wiki ya kumi alipanda treni kwenda Bukama kununua mzigo, akarudi siku ya tatu na vitambaa vyake vyote vikiwa vikavu, vimekunjwa vilevile kama alivyovikunja nyumbani. Mwezi wa tisa binti wa jirani aliolewa, na Saumu aliketi. Aliketi kuanzia nyimbo za kwanza mpaka sahani za mwisho. Wanawake walimtazama kwa pembe za macho, wakidhani labda amepunguza kiburi.

Wakati huo vita ya pili ilikuwa imekwisha kuanza. Mwezi wa nane daktari aliondoka kwa ndege pamoja na wageni wengine, kwa ahadi ya kurudi mambo yakitulia. Aliacha agizo kwa Séraphin: Mama Saumu aendelee kila Jumanne mpaka nitakaporudi, asikatize. Na Séraphin alishika agizo. Askari walikuwa wanapita mjini kwa maelfu kwenda upande wa Kabalo, ndege zilikuwa zinashuka Base, kambi ya jeshi nje ya mji, usiku na mchana, lakini Jumanne saa tatu asubuhi Saumu alikuwa juu ya kitanda cha ngozi, na kidole chake kilikuwa kinacheza.

Mwezi wa kumi na mbili, siku chache kabla ya Ramadhani, askari walimkamata Kayembe, mdogo wake Séraphin. Kayembe alikuwa anafanya kazi stesheni, kwenye chombo cha kupokea habari za treni. Treni moja ya askari ilishambuliwa njiani, na mtu fulani akasema ni Kayembe aliyewapasha waasi saa ya safari. Walimpeleka kwenye kasho, mahabusu ya Base. Watu walioingia kasho ile mwaka huo, wengi jamaa zao hawakuwaona tena. Jumanne hiyo Séraphin alifunga nyaya, akazifungua, akazifunga tena, na Saumu, aliyezoea kuhudumiwa, ndiye aliyemtuliza. Alimwambia atamwombea Kayembe katika kila sala, na alifanya hivyo.

Siku tisa baadaye Kayembe akatoka, amekonda na jino moja limevunjika, lakini yuko hai. Kamina nzima iliona ni muujiza. Saumu alichagua samaki wawili wakubwa, wale aliowawekea Idi, akawapeleka mwenyewe nyumbani kwa Séraphin. Mke wa Séraphin, Léonie, alimkumbatia mlangoni. Séraphin alipokea samaki kwa mikono miwili, akasema asante, akaingia ndani mara moja. Saumu alidhani ni machozi ya furaha anayaficha.

Jumanne iliyofuata, akiwa amefunga saumu, alilala kitandani kama kawaida. Séraphin alileta kisanduku. Kilionekana kilekile cha kijivu, kitufe kilekile, ila ukanda ulikuwa wa bandeji.

"Ile kitambaa yako ilipasuka, mama," alisema. "Wakati ya kufua."

"Nitashona ingine."

"Hapana. Hii iko muzuri."

Alizungusha kitufe. Taa nyekundu iliwaka. Saumu alingoja sisimizi.

"Siko nasikia kitu, Papa Séraphin."

"Mushipa yako imezoea. Sasa inafanya kazi ndani kwa ndani."

"Na kidole?"

"Kidole pia imezoea."

Aliongea huku anatazama dirishani. Nusu saa ikaisha, akafungua bandeji, akaandika tarehe kwenye karatasi. Saumu alirudi nyumbani akijisemea kwamba ni jambo jema, kumbe amefika daraja la wasiohitaji tena kuhisi.

Idi ilipopita, mara moja moja alianza kuchelewa kufika chooni. Mwezi wa pili alianza tena kubeba vitambaa. Alimweleza Séraphin kwa haya, kama mwanafunzi aliyefeli.

"Uko unafanya mazoezi?"

"Niko nafanya, asubuhi na magaribi."

"Labda hauyafanye vizuri. Na mayi? Weye uko unakunywa mayi mingi sana, mama. Punguza."

Alipunguza maji. Kwenye jua la Kamina, akiuza samaki wa moshi, alikunywa kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, mpaka midomo ikapasuka na mkojo ukageuka rangi ya chai na kuanza kumchoma. Alizidisha mazoezi mpaka kiuno kikauma. Hakuacha hata Jumanne moja. Siku ya mvua kubwa ya mwezi wa tatu, ambayo hata wafanyakazi wa kituo hawakufika, yeye alifika, akangoja barazani, na Séraphin akaja amelowa, akamfunga nyaya bila kumtazama usoni.

"Lazima ukae na bantu," alimwambia siku hiyo. "Ukiogopa, kibofu inaogopa pia. Ukae."

Kwa hiyo, alipofariki mjomba wa Djafari wiki ileile, Saumu aliketi. Alikaa katikati ya mawifi zake, kwenye mkeka mpya, wakati wa dua. Mtu mmoja nje alimimina maji ya chai kwenye sufuria. Saumu alihesabu moja, mbili, na mkeka ukalowa. Wanawake wa pembeni walikusanya vitenge vyao polepole, wakajisogeza. Wifi yake mkubwa alingoja dua iishe, akakunja mkeka, akautoa nje. Saumu alisema angeona afadhali kama wangemtukana.

Djafari alikwenda kituoni mwenyewe kumwuliza Séraphin. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akavua kofia.

"Mama Omari, kine anasema haufuate masharti."

"Masharti gani?"

"Anasema mazoezi haufanye. Mayi haupunguze. Anasema mashini iko sawa, ila mugonjwa njo anakataa kupona."

Saumu alimwonyesha midomo yake. Djafari alitazama, lakini alitazama kama mtu ambaye jibu tayari amelipata kwingine. Mwezi wa nne alisafiri kupeleka vitenge Kabondo-Dianda, ambako alikuwa na wateja, akakaa wiki tatu. Aliporudi alimwambia Saumu asubuhi, wakinywa uji, kwamba ameoa kule. Bibi anaitwa Fadhila, binti wa mtu wa Kasongo.

"Muntu mugonjwa nilimubeba miaka tano na sikuchoka," alisema. "Lakini muntu anayekataa kupona, simuwezi."

Saumu aliondoa bakuli za uji, akaenda kuziosha. Naye alikuwa amekwisha kuamini kwamba kosa ni lake. Hilo ndilo alilolirudia mara nyingi aliponieleza: kwamba miezi ile mitano alijichukia. Alijiona mvivu, mchafu, mtu aliyepewa dawa na Mungu akaimwaga.

Mwisho wa mwezi wa tano samaki walikuwa hawatoki sokoni, kwa sababu watu hawakuwa na fedha. Wenye fedha walikuwa Base. Saumu alipata nafasi kwenye kamyo, lori lililokuwa linapeleka makaa huko, akaenda na makapu mawili kuzunguka nyumba za maofisa. Kwenye nyumba ya tatu alipokelewa na mke wa komanda mmoja, mama mnene wa makamo, mwenye miwani, aitwaye Marceline. Marceline alikuwa anachagua samaki taratibu, akiwageuza, na kwenye uwanja wa nyuma mtu alifungua bomba.

"Samahani, madamu," Saumu alisema, "choo iko wapi?"

Marceline alimwonyesha. Saumu hakufika. Alirudi amejifunga kitenge cha pili juu ya kile cha kwanza, kichwa chini, akaanza kukusanya samaki zake aondoke.

"Kaa kwanza," Marceline alisema.

"Hapana, madamu."

"Kaa, mama. Minyi pia." Alijigusa kifua, akavua miwani, akaifuta. "Minyi pia, tangu mutoto ya sita. Usiogope. Kuna kitu iko inanisaidia, nitakuonyesha."

Aliingia chumbani, akatoka na kisanduku cha kijivu. Nyaya zake zilikuwa zimezungushiwa ukanda wa kitenge, bluu, wenye ndege wa njano, na mwishoni kulikuwa na kifungo cha shati.

Saumu aliketi chini, sakafuni.

Marceline alidhani ni aibu tu. Alipiga magoti kwa shida, akamfunga ukanda mguuni kama mtu aliyefundishwa vizuri, juu ya kifundo, nyuma ya mfupa, akazungusha kitufe. Sisimizi walipanda. Kidole gumba kikaanza kucheza.

"Unaona?" Marceline alisema kwa furaha. "Mushipa yako iko nzima kabisa. Itakusikia."

Saumu alikitazama kidole kile nusu saa nzima. Aliniambia kwamba kama kisingecheza, angeweza bado kumtetea Séraphin. Angesema labda ni kisanduku kinachofanana, labda mshipa wake kweli umekufa. Lakini mguu wake mwenyewe ulitoa ushahidi.

"Madamu alipata hii wapi?" aliuliza mwishoni.

"Kine mumoja wa mujini alinipa. Mwezi ya kumi na mbili. Ndugu yake alikuwa kwa kasho, bwana yangu akamufungulia. Muntu muzuri, alikuja mara mbili kunifundisha." Marceline alifungua kifungo. "Kuya hapa kila wiki, mama. Tutasaidiana."

Saumu aliacha samaki wote pale, akarudi mjini juu ya kamyo tupu.

Jumanne alikwenda kituoni saa tatu kama kawaida. Alilala kitandani. Alimwacha Séraphin afunge bandeji, alete kisanduku, awashe taa. Kisha akaketi, akaifungua ile bandeji mwenyewe.

"Leo tuweke kwako, Papa Séraphin."

"Kwangu? Juu ya nini?"

"Kaa."

Sauti yake haikuwa kubwa, lakini Séraphin aliketi. Saumu alikunja suruali ya mkine mpaka juu ya kifundo. Miezi kumi na miwili ya kulala pale ilikuwa imemfundisha mahali pa mshipa. Alifunga, akashika kitufe, akakizungusha mpaka mwisho, mahali ambapo mtu angeruka kwa maumivu. Taa nyekundu iliwaka. Mguu wa Séraphin ulikaa kama mguu wa meza. Kidole hakikutikisika. Wote wawili walikitazama.

"Nilikuwa Base," Saumu alisema. "Niliona kitambaa yangu. Haikupasuka."

Séraphin alifunika uso kwa mikono. Akasema kila kitu bila kuulizwa. Kwamba daktari aliacha visanduku viwili, kimoja kizima na kimoja kilichokufa, ambacho taa tu ndiyo inawaka. Kwamba alikwenda kumlilia komanda, na mke wa komanda akasikia kwamba yeye ni mkine, akamweleza ugonjwa wake. Kwamba asubuhi ya pili alirudi na kisanduku kizima, na mchana Kayembe akatolewa.

"Balikuwa bamuue, mama. Kesho yake tu balikuwa bamuue. Ningefanya nini?"

"Ungefanya ile ulifanya," Saumu alisema. "Lakini ungekuya kwangu kwanza, ungeniambia: Mama Saumu, bamekamata Kayembe, banataka mashini. Ningeibeba mwenyewe ku kichwa mpaka Base. Sikukuombea ndugu yako? Sikukuletea samaki?"

Séraphin alianza kuifungua bandeji mguuni.

"Mashini ulitoa siku moja. Lakini kunifunga hii kitu ya bure, ulifanya Jumanne ngapi?"

"Mama..."

"Nimehesabu ku karatasi yako. Ishirini na mbili. Kila Jumanne unawasha taa. Uliniambia ninakunywa mayi mingi. Uliambia bwana yangu ninakataa kupona. Juu ya nini?"

"Niliogopa," Séraphin alisema. Sauti yake ilikuwa chini kabisa. "Ungeuliza mashini iko wapi. Bantu bangesikia, kituo ingenifukuza. Kwanza nilisema nitakuambia wiki ya kesho. Halafu ukaanza kugonjwa tena, na ilikuwa lazima iko sababu. Nikakupatia sababu."

"Ukanipatia minyi mwenyewe njo sababu."

Alivaa viatu vyake, akatoka. Mlangoni Séraphin alimwita mara moja, lakini hakugeuka.

Nyumbani alimweleza Djafari yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, akiwa amesimama mbele ya kiti chake. Djafari alisikiliza akizungusha kofia mikononi.

"Sikujua," alisema.

"Uliuliza kine. Minyi hukuniuliza."

"Mutu ya kazi yake, ningewaza anadanganya?"

"Miaka kumi na tano tuko pamoja, Baba Omari. Yeye unamujua toka lini?"

Djafari aliweka kofia sakafuni. Aliomba radhi, na Saumu anaamini aliomba kwa moyo. Kisha akamwambia kwamba Fadhila ana mimba. Basi hapo maneno yakaisha, kwa sababu hakuna radhi inayoweza kurudisha mimba. Kuanzia mwaka huo Djafari akawa mtu wa nyumba mbili, na yeye Saumu akawa mke wa nusu mwezi. Karatasi ya plastiki aliitoa kitandani mwenyewe, akaichana. Hakutaka tena kulala juu ya kitu kilichotandikwa na mtu aliyeweza kuamini vile.

Alirudi kwa Marceline mara mbili kufungwa ule ukanda. Mara ya tatu askari wa getini alimwambia komanda amehamishwa, familia imepanda ndege juzi, na mzigo wao wote. Marceline hakuwa ameacha neno. Saumu aliuza samaki nyumba za jirani, akarudi zake.

Mashine ya tatu haikuja. Daktari naye hakurudi. Alichobaki nacho ni mazoezi na saa, na sasa aliyafanya akijua kwamba siku zote alikuwa anayafanya vizuri. Alirudi kunywa maji kama watu. Kufikia mwisho wa mwaka 1999 alikuwa amepata nusu ya kile alichokipoteza: aliweza kuhesabu mpaka ishirini, siku nzuri mpaka arobaini. Alimwuliza mke wa imamu, kwa ujasiri ambao hakuwa nao zamani, hukumu ya mtu wa ugonjwa kama wake, akaambiwa atawadhe kwa kila sala, asali, na kinachotoka bila hiari yake hakimvunjii kitu. Miaka sita alikuwa amelia juu ya msala kwa jambo ambalo jibu lake lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwake.

Séraphin aliacha kazi kituoni bila kufukuzwa. Alihamia Bukama na Léonie, akawa anauza vidonge karibu na bandari ya mto. Saumu alipokwenda kununua samaki alipita njia nyingine.

Mwaka uliofuata, mchana mmoja wa kiangazi, mwanamume mwenye pengo mdomoni alisimama mbele ya meza yake sokoni.

"Wakomapo, mama," alisalimu kwa Kiluba, kwa heshima, akiinama.

"Eyo. Unataka samaki gani?"

"Minyi ni Kayembe."

Saumu hakuwa amemwona kwa karibu tangu siku alipotolewa. Alimsogezea kigoda. Kayembe alikaa, magoti juu, kofia ya reli mkononi.

"Sikujua nilitoka kwa njia gani," alisema. "Wakati hii yote nilikuwa nawaza ni Mungu tu. Ndugu yangu ameniambia juzi. Anagonjwa, anafikiri atakufa. Ananituma nikuombe musamaha. Na minyi pia naomba, yangu."

"Yako ya nini? Weye ulikuwa kwa kasho."

"Niko hai juu ya mashini yako, mama."

Saumu aligeuza samaki wawili watatu wasiohitaji kugeuzwa. Aliniambia alimtafuta moyoni mtu wa kumchukia katika sura ile yenye pengo, hakumpata. Alifurahi kwamba yuko hai. Alikuwa amefurahi tangu siku ya kwanza, na furaha ile ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuuma zaidi, kwamba wangeweza kufurahi wote pamoja.

"Mwambie ndugu yako hivi," alisema. "Mashini nilimusamehe palepale, kabla hajafunga mudomo. Jumanne ishirini na mbili bado. Nikisema nimesamehe, nitakuwa nadanganya, na uongo kati yetu imetosha."

"Nitamwambia atakufa bila musamaha?"

"Utamwambia ninajaribu. Hiyo ni kweli."

Kayembe alikubali kwa kichwa. Saumu alimfungia samaki mmoja wa njiani, na Kayembe akampokea, kisha akaenda stesheni kungoja treni ya Bukama. Séraphin hakufa mwaka ule. Aliishi mingine minne. Saumu alizisikia habari za msiba sokoni, akafunga biashara mapema, akapanda treni kwenda kutoa mkono wa pole. Aliwakuta wanawake wamekaa chini kumzunguka Léonie, naye Léonie akanyanyua macho, akajisogeza, akamwachia nafasi. Saumu alimpa mkono. Safari hii hakuwa anaogopa mkeka, lakini hakuketi.